Walimu wa fasihi simulizi waisikilize banjo hii

Mnamo Aprili 2025, wanamuziki wawili wa jimbo la North Carolina nchini Marekani, Rhiannon Giddens na Justin Robinson, walitoa albamu yenye vipande 18 waliyoiita What Did the Blackbird Say to the Crow, yaani "Ndege mweusi alimwambia nini kunguru?" Tangu niipate nimeisikiliza mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye marundo ya karatasi za mtihani mezani. Nathubutu kuipendekeza kwa walimu wa fasihi simulizi humu nchini, pamoja na wanafunzi wao, ingawa hamna neno la Kiswahili ndani yake na ingawa imetoka ng'ambo ya bahari ya Atlantiki.

Muziki wa aina hii huwekwa katika kapu ambalo Wamarekani huliita Americana. Kapu lenyewe limejaa vitu vingi: nyimbo za kale za mashambani, bluzi, nyimbo za kanisani, kantri ya zamani. Giddens ni miongoni mwa watu mashuhuri kabisa humo. Alizaliwa mwaka 1977 mjini Greensboro, akasomea uimbaji wa opera katika chuo cha Oberlin, na mwaka 2023 yeye na mwenzake Michael Abels walitunukiwa Tuzo ya Pulitzer ya muziki kwa opera yao Omar. Opera hiyo inasimulia maisha ya Omar ibn Said, msomi wa Kiislamu kutoka Futa Toro katika Senegal ya leo, aliyeuzwa utumwani Marekani mwaka 1807 na ambaye mwaka 1831 aliandika tawasifu yake kwa Kiarabu. Vijana ambao hawajawahi kulisikia jina la Giddens yamkini wameisikia banjo yake bila kujua, kwani ndiye aliyeipiga katika wimbo "Texas Hold 'Em" wa Beyoncé, uliotoka mwaka 2024.

Mtu wa hadhi hiyo angeweza kukodi okestra nzima. Badala yake alimwita Robinson, rafiki yake wa miaka 20, wakatoka nje, wakaketi na kupiga: huyu fidla, huyu banjo. Albamu haikurekodiwa studioni. Ilirekodiwa hewani katika sehemu tatu: nyumbani kwa marehemu Joe Thompson, nyumbani kwa marehemu Etta Baker, na penye jumba la Mill Prong, ambalo zamani lilikuwa la shamba la watumwa. Kwa hiyo msikilizaji asishangae kusikia ndege na upepo. Zaidi ya hao, atasikia nyenze. Marekani kuna nyenze wanaokaa ardhini miaka 13 wakifyonza mizizi, kisha hutoka wote kwa pamoja, wakalia majuma machache juu ya miti na kufa. Wapo wengine ambao hukaa miaka 17. Mwaka 2024 makundi mawili makubwa, moja la miaka 13 na jingine la miaka 17, yalitoka ardhini kwa wakati mmoja, jambo ambalo kwa makundi hayo lilikuwa halijatokea tangu mwaka 1803. Fundi mwingine wa sauti angewaona wadudu hao kuwa kero. Hawa waliwaacha waitikie.

Kiini cha albamu yote ni huyo Joe Thompson. Alizaliwa mwaka 1918, akaishi karibu na mji mdogo wa Mebane na kufanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha fanicha. Fidla alijifunza utotoni, katika ukoo uliojaa wapiga fidla na banjo, akawa anapiga pamoja na binamu yake Odell mpaka Odell alipofariki mwaka 1994. Kufikia hapo watu weusi waliobaki wakiupiga muziki huo kwa mtindo wa kwao, wakiwa wameurithi kwa wazee wao, walikuwa wa kuhesabika kwa vidole.

Mwaka 2005, mzee Thompson akiwa na umri wa miaka 86, vijana weusi walianza kufika nyumbani kwake kila Alhamisi. Walikuwa Giddens, Robinson na mwenzao Dom Flemons, waliofahamiana mwaka huohuo mjini Boone katika kongamano lililowakusanya wapiga banjo weusi. Mzee hakuwa na silabasi wala hakutoa mihadhara. Alipiga, nao wakafuata; walipopotea, alipiga tena. Kutokana na Alhamisi hizo vijana hao waliunda bendi iitwayo Carolina Chocolate Drops, na albamu yao Genuine Negro Jig ya mwaka 2010 ikatwaa tuzo ya Grammy. Thompson aliwahi kuyaona hayo kwa macho yake. Alifariki Februari 2012, akiwa na miaka 93.

Hebu fikirieni lile tendo lenyewe. Binti aliyekwisha kufuzu opera, anayesoma nota za muziki kama wengine wasomavyo gazeti, anaketi mbele ya mstaafu wa kiwanda na kuanza upya, kwa sikio. Sisi tulio vyuoni tunajua jinsi jambo hilo lilivyo gumu. Shahada huziba masikio.

Ili msomaji aelewe ni kitu gani kilichokuwa karibu kupotea, yafaa turudi nyuma kidogo. Banjo, ambayo leo hufikiriwa kuwa ala ya wazungu wa milimani, ilitoka kwa Waafrika waliopelekwa utumwani. Thomas Jefferson, aliyemiliki watumwa yeye mwenyewe na baadaye akawa rais, aliandika katika miaka ya 1780 kwamba ala ya watu hao ni ile iitwayo "banjar", na kwamba waliileta kutoka Afrika. Wajola wa Senegal na Gambia hadi leo wanayo ala iitwayo akonting: kibuyu kilichowambwa ngozi, mpini mrefu wa fimbo na nyuzi tatu, mmoja wao ukiwa mfupi kuliko wenzake. Ukucha hupiga uzi kwa kwenda chini, kisha dole gumba huugusa ule uzi mfupi. Ukimtazama Giddens mkononi utaona mwendo ni uleule. Kuhusu neno "banjo" lenyewe, wapo wanaolihusisha na mbanza, neno la Kimbundu cha Angola, ambacho ni ndugu wa Kiswahili. Kama mtu wa isimu ningependa sana iwe hivyo, lakini mfanano wa sauti peke yake haujawahi kuwa ushahidi wa nasaba ya maneno, na ubishi haujakwisha. Kuhusu ala hakuna ubishi wa maana.

Katika mashamba ya North Carolina muziki wa fidla na banjo ulikuwa wa kazi na wa ngoma. Majirani walikusanyika kwa mmoja wao kumenya mahindi, na kazi ilipokwisha watu wakacheza hadi usiku wa manane. Msomaji aliyekulia Trans Nzoia au Kakamega hahitaji kuelezwa zaidi. Ila kuanzia miaka ya 1840 wazungu walianza kujipaka masizi usoni, wakapanda majukwaani na banjo kuwaiga na kuwadhihaki watu weusi, na michezo hiyo ikapendwa mno. Kisha katika miaka ya 1920 kampuni za santuri ziligawa soko mafungu mawili. Kulikuwa na orodha ya santuri za weusi, ambamo bluzi ilitakiwa, na orodha nyingine ya wazungu wa mashambani, ambamo fidla na banjo zilitakiwa. Mweusi mwenye fidla akawa hana pa kuingia. Hakuna aliyemkataza kupiga nyumbani kwake, lakini hakurekodiwa, na baada ya vizazi viwili hata wajukuu wake waliamini kwamba banjo ni mali ya wengine.

Imani hiyo imefika hadi kwetu. Muhula uliopita niliwasikilizisha wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza kipande kiitwacho "Hook and Line" kutoka albamu hii, kisha nikawauliza wanadhani wapigaji ni watu gani. Jibu lilikuwa moja karibu darasa zima: wazungu wenye kofia pana. Sikuwalaumu. Wakenya ni wapenzi wakubwa wa kantri; Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers na Dolly Parton ni majina ya nyumbani kutoka Kericho hadi Murang'a. Tumeupokea muziki huo pamoja na lebo iliyobandikwa juu yake na wafanyabiashara wa santuri miaka 100 iliyopita.

Na tusidhani kwamba mapenzi hayo ni ya jana. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis huko Kapkatet wakiimba juu ya kiumbe wa ajabu, nusu mtu nusu paa, aitwaye Chemirocha. Chemirocha huyo si mwingine ila Jimmie Rodgers wa Mississippi, baba wa muziki wa kantri, aliyekufa mwaka 1933 na ambaye santuri zake zilikuwa zimekwisha kufika Bonde la Ufa. Tazameni jinsi Kikipsigis kilivyomtia jandoni mgeni huyo. Katika lugha za Kalenjin tofauti ya sauti ghuna na sauti sighuna haibadilishi maana ya neno, basi "j" ya Jimmie ikawa "ch", na sauti ya katikati ya Rodgers nayo ikawa "ch". Jina likakaa kama la mwenyeji. Rodgers mwenyewe alikulia miongoni mwa vibarua wa reli, wengi wao weusi, akajifunza mengi kwao. Kwa hiyo waliokuwa wakiimba Kapkatet walikuwa wanajibu, pasi na kujua, mwangwi uliotoka bara lao wenyewe kwa njia ya mzunguko mrefu.

Lakini kisa cha Chemirocha kina upande wa pili, nao ndio unaonikera. Kanda za Tracey zilihifadhiwa vizuri kabisa katika maktaba ya muziki iliyoko Makhanda, Afrika Kusini. Watafiti wa Ulaya na Marekani waliusikia wimbo huo kwa miongo mingi. Kapkatet haikurejeshewa rekodi zake mpaka mwaka 2015, miaka 65 baadaye, wakati baadhi ya waliorekodiwa walikuwa bado hai lakini wamekwisha kuwa wazee. Wimbo ulikuwa salama. Walioutunga ndio waliokuwa hawanao. Simdharau Tracey hata kidogo, maana bila yeye tusingekuwa na chochote cha kurejesha. Nasema tu kwamba kanda katika kabati na wimbo katika koo la mtu ni vitu viwili.

Mfano wa lahaja utanisaidia. Mtu akitaka kuhifadhi Kiamu anaweza kuandika kamusi ya Kiamu, na itakuwa kazi ya kusifiwa. Hata hivyo kamusi haitamfunza mtu mahali pa kuvuta pumzi katika utenzi, wala neno lipi litamkwe kwa utani na lipi kwa uchungu. Hayo yalipatikana barazani kwa watu kama marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, ambaye wasomi wa vyuo vya ndani na nje walimfuata Mombasa, wakaketi na kusikiliza. Ndivyo ilivyo kwa Thompson. Vipande vingi vya albamu hii vinajulikana kusini kote mwa Marekani na vimerekodiwa mara nyingi na watu wengine. Kinachohifadhiwa hapa ni lafudhi: jinsi uta wa fidla unavyorudi kwa kishindo mahali ambapo wengine wangeuvuta polepole, jinsi banjo inavyokataa kuwa msindikizaji tu na kuufuata wimbo hatua kwa hatua huku ule uzi mfupi ukivuma sauti ileile pasi na kukoma. Ala hizo mbili hupiga wimbo mmoja kwa wakati mmoja lakini kila moja kwa namna yake, kama ndugu wawili wanaosimulia kisa kimoja na kukatizana maneno. Mtu huwezi kuyapata hayo katika nota.

Sasa niwageukie walimu wenzangu. Mwanafunzi wa sekondari anayejiandaa kwa karatasi ya fasihi atakutajia sifa sita za nyimbo, dhima tano za miviga na tofauti kati ya fanani na hadhira, tena kwa mpangilio. Muulize amewahi kuketi na fanani gani. Atakutazama. Tumeifanya fasihi ya mdomo kuwa fasihi ya daftari, tukawafunza watoto kuorodhesha vitu ambavyo hawajawahi kuvisikia. Wasomi nao hupenda kuirudia ile kauli ya Amadou Hampâté Bâ wa Mali kuhusu mzee anayekufa na maktaba inayoteketea. Nimeisikia katika makongamano mengi kiasi kwamba huanza kusinzia inapokaribia. Tunaitamka, tunapiga makofi, tunakunywa chai, kisha tunarudi nyumbani kwa kupitia vijiji vyenye wazee walio hai bila kusimamisha gari.

Najua kuna atakayesema kwamba mwalimu mwenye wanafunzi 60 darasani na mtihani mbele yake hana nafasi ya Alhamisi za namna hiyo. Ni kweli, mtihani haumngoji mtu. Lakini vijana wa North Carolina hawakuhitaji mradi, mfadhili wala ripoti. Walihitaji mzee, mwenye nyumba aliyekubali kufungua mlango, na jioni moja kwa wiki. Katika wilaya yoyote nchini mna mpigaji wa orutu au wa nyatiti, mwimbaji wa arusi au mghani wa majigambo ambaye hajatembelewa na mwanafunzi yeyote mwaka huu. Vijana wetu wanazo simu zinazorekodi vizuri kuliko mitambo ya Tracey. Kisichopatikana katika simu ni ile subira ya kurudi wiki inayofuata, na nyingine, na nyingine.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba albamu hii ni tamu tangu sekunde ya kwanza. Aliyezoea ngoma za kompyuta atauona muziki huu kuwa mkavu. Vipande vingi havina maneno. Vingine vinafanana, na mtu akivisikiliza vyote 18 kwa mpigo anaweza kuchoka kabla ya kufika mwisho. Mimi mwenyewe huugawa usikilizaji mara tatu. Muziki huu ulitengenezwa kwa ajili ya miguu ya wachezaji, si masikio ya mtu aliyekaa kitini, na ndiyo sababu hurudiarudia. Isitoshe, Giddens ana sauti ya kuimba ambayo wachache wanaifikia, naye hapa ameitumia kwa ubahili. Awali nilimlalamikia kimoyomoyo. Baadaye nikaelewa kwamba angeifungulia yote, tungemsikia yeye na kumsahau mzee.

Atakayeanza na aanze na "Hook and Line", kwa kuwa ni changamfu na haichukui muda. Kisha asikilize "Marching Jaybird", kipande kilichotokana na Etta Baker, mpiga gitaa na banjo aliyezaliwa mwaka 1913 na kufariki mwaka 2006, mama aliyefanya kazi katika kiwanda cha nguo huku akiwa na vidole ambavyo wapiga gitaa wa taifa zima walivisafiria kuvitazama. Baada ya hapo, kama intaneti inaruhusu, aitafute albamu ya Thompson mwenyewe, Family Tradition, ya mwaka 1999, na kuvilinganisha vipande kimoja kwa kimoja: mzee kwanza, wanafunzi baadaye.

Zoezi hilohilo ndilo nililowapa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza baada ya suala la kofia pana. Sehemu ya pili ya zoezi ni kumtafuta mwimbaji mmoja mwenye umri wa zaidi ya miaka 70 karibu na kwao, kujifunza wimbo wake mmoja kwa sikio, bila kuuandika popote, na kuja kuuimba mbele ya darasa. Wamepewa hadi mwisho wa muhula. Watatu wamekwisha kuniuliza kama wanaruhusiwa kuleta maandishi tu.